Kununua kabureta za kulala kwa gari la kale: Weber, Dellorto, Mikuni au SU?

Kabureta ya kulala ni ile inayovuta hewa kwa ubavu na kuipeleka moja kwa moja kwenye tundu la silinda hedi, tofauti na zile za kawaida ambazo hewa hushuka kutoka juu. Njia ya hewa inanyooka, na ukifunga mbili zenye matundu mawilimawili kwenye injini ya silinda nne, kila silinda inakuwa na tundu lake. Tatizo liko sokoni: vyuma vilivyochoka, jozi za kuokoteza, na nakala ambazo kwenye picha hazitofautiani na za asili. Mwongozo huu ni wa mwenye Escort, Datsun, Celica, Alfa Romeo, MG au Volvo ya miaka ya 60 na 70 anayetaka kununua mara moja tu.

Jambo la kushika tangu mwanzo: unachonunua ni mwili wa kabureta na shafti yake (mhimili unaoshika vipepeo, yaani bamba za kufungua na kufunga njia ya hewa), na unanunua jozi. Jeti (vijitundu vya kupimia petroli na hewa), makoo (mabomba ya ndani yanayobana hewa), gasketi na springi hubadilishwa kwa pesa kidogo. Mwili uliopasuka, au kabureta mbili zisizo ndugu, hazina dawa hiyo.

Hatua ya 1: Anza na injini

Kabla ya kufungua ukurasa wowote wa muuzaji, andika mambo haya kwenye karatasi: cc za injini, mizunguko kwa dakika ambayo nguvu hufika kileleni, kemshafti ni ya kiwandani au imebadilishwa, breki zina sevo (kisaidizi cha breki) inayotegemea mvuto wa injini au hazina, distribyuta ina kikombe cha vakyumu au haina, na usukani uko upande gani ukilinganisha na manifoldi (bomba linalounganisha kabureta na hedi).

Hilo la mwisho hudharauliwa. Kabureta za kulala hutokeza nje sana, na ukijumlisha tarumbeta (midomo ya kuvutia hewa) na filta zinaweza kugonga sevo ya breki, masta silinda au nguzo ya usukani. Manifoldi iliyoundwa kwa gari la usukani wa kushoto huenda isiingie kwenye gari letu la usukani wa kulia. Pima kutoka uso wa silinda hedi hadi ukuta wa bodi, ukikumbuka kwamba injini hucheza kwenye mpira wake unapokanyaga mafuta.

Kama kemshafti, ekzosi na hedi ni za kiwandani, na gari lilitoka na kabureta moja ya kushuka, faida utakayopata ni sauti tamu na wepesi wa kujibu pedeli, na nguvu kidogo tu juu yake. Mtu anayetaka nguvu aanze na kemshafti na ekzosi, kisha kabureta zifuate. Na kama gari lilitoka kiwandani na SU mbili zikiwa bado zima, fikiri mara mbili kabla ya kuzing'oa.

Hatua ya 2: Zijue ukoo kwa ukoo

Weber DCOE ndiyo inayojulikana zaidi. Namba ya mbele, 40 au 45, ni kipenyo cha tundu kwenye kipepeo kwa milimita. Kuna 42, 48, 50 na 55 pia. Za zamani zilitengenezwa Bologna, Italia, na za miaka ya karibuni zinatoka Hispania. Toleo la Hispania linalopatikana kirahisi likiwa jipya ni 40 DCOE 151 na 45 DCOE 152. Sababu kubwa ya kulichagua ni spea: jeti, makoo na gasketi za DCOE zinauzwa karibu kila nchi yenye mashindano ya magari, na fundi aliyewahi kuzifungua hakosekani. Pampu yake ya kuongeza mafuta ni ya pistoni, haina ngozi ya mpira ya kukauka.

Dellorto DHLA nayo ni ya Italia. Uundaji wake ni mzuri sana, na wengi huiona laini kuliko Weber gari linapoondoka taratibu, kwa sababu ya mpangilio wa matundu yake ya mpito, yale madogo yanayotoa petroli kipepeo kinapoanza kufunguka. Ila haitengenezwi tena, jeti za Weber haziingii, na pampu yake ni ya diaframu. Ikikaa kavu miaka mingi mpira hupasuka. Ukipata jozi safi kwa bei ya chini kuliko Weber, chukua, lakini agiza kifurushi cha ukarabati siku hiyohiyo. Epuka zile zilizotolewa kwenye Lotus Esprit Turbo kama injini yako haina tabo: zilifungwa kwa ajili ya kusukumwa hewa na usanidi wake ni tofauti.

Mikuni-Solex PHH, za 40 na 44, ndizo zilizokuja kwenye Toyota zenye injini ya 2T-G na 18R-G. Zimetengenezwa Japani kwa leseni ya Solex. Mwenye Celica ya asili hana haja ya kuhamia Weber. Atafute za kwake. Kwa gari jingine, ugumu wa kupata jeti ndio utakaoamua.

SU ni ukoo tofauti kabisa. Koo lake hujipanua lenyewe: pistoni hupanda na kushuka kufuatana na hewa inayovutwa, na sindano iliyochongwa hupima petroli. HS2 ni ya inchi 1¼, HS4 inchi 1½, HS6 inchi 1¾, HS8 inchi 2. MGB za mwanzo zilikuwa na HS4 mbili, Volvo 122S na P1800 zilikuwa na HS6. Datsun 240Z ya barabarani, ndugu ya zile zilizoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ilitoka na Hitachi mbili za mtindo huohuo. Badala ya jeti nyingi kuna sindano moja na nati moja. Kwa gari la kutembelea kila siku, SU zilizokarabatiwa hunywa kidogo kuliko DCOE na hazisumbui. Kabureta ya Stromberg CD hufanya kazi kwa njia hiyo, isipokuwa pistoni yake imeshikwa na diaframu ya mpira. Iinue kwenye mwanga utafute tundu.

Uso wa kufungia wa DHLA hukaa kwenye manifoldi ya DCOE, na PHH mara nyingi pia. Usichukulie kwamba mikono ya pedeli, tarumbeta na filta vitakubali vivyo hivyo.

Nakala za bei rahisi za DCOE zipo nyingi, nyingine zikiuzwa waziwazi kwa jina lake, nyingine zikijipa jina la Weber. Umbo la nje huwa sawa. Kasoro huonekana kwenye vipepeo visivyofunga pamoja, jeti ambazo namba yake haiendani na tundu lake, na matundu ya mpito yaliyotobolewa nje ya mstari. Fundi mvumilivu anaweza kuzifanya zitembee, lakini malipo yake yatameza nafuu uliyopata dukani.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya ukubwa

Kosa la kawaida ni kununua 45 kwa sababu namba ni kubwa. Kinachoamua ni koo, lile bomba la kubadilishwa lililobanwa ndani ya tundu. Koo likiwa pana mno, hewa inapita taratibu, petroli haichomolewi vizuri, na gari linakuwa zito chini ya mizunguko 3,500. Lotus Cortina ya cc 1,558 ilitoka na DCOE 40 mbili zenye koo la mm 30. Alfa Romeo 2000 ya cc 1,962 ilitoka na za 40 pia.

Fuata mpangilio huu:

1. Chagua koo kwa cc za silinda moja na mizunguko ya kilele. Kwa cc 400 na mizunguko 6,000, anza na mm 30 hadi 32. Kwa cc 500, anza na 34. Kemshafti ikiwa kali, 36.
2. Zidisha koo kwa 1.25 upate ukubwa wa kabureta. 32 × 1.25 = 40. 36 × 1.25 = 45.
3. Jeti kuu: koo × 4. 32 × 4 = 128, basi chukua 130. Namba hiyo ni kipenyo, yaani mm 1.30.
4. Jeti ya hewa: jeti kuu + 50. Hapa ni 180.
5. Tyubu ya emulsheni (kibomba kinachochanganya petroli na hewa) hufuata cc za silinda: F11 kwa 250 hadi 325, F15 kwa 275 hadi 400, F16 au F9 kwa 350 hadi 475, F2 kwa 450 hadi 575.
6. Jeti ya sailensa (inayolisha injini ikinguruma bila kukanyagwa): 40 au 45 kwa injini ya cc 1,600, 45 au 50 kwa 1,800, 50 au 55 kwa 2,000. Herufi ya nyuma ni tundu la hewa la jeti hiyo. Anza na F9, ukitaka kupunguza petroli nenda F8.

Mfano: Escort ya cc 1,598 yenye kemshafti ya wastani itaanza na DCOE 40 mbili, koo 32, jeti kuu 130, hewa 180, tyubu F16, sailensa 45F9. Ford ya cc 1,993 kwa safari za kawaida inatosheka na 40 zenye koo 34, ingawa hesabu inasema 42.5; ukishabadilisha kemshafti na hedi ndipo 45 inapata kazi. Kumbuka kwamba 45 huweza kuvaa koo la 34, kwa hiyo jozi nzuri ya 45 si ya kukataliwa. 40 haiwezi kupanuliwa kuwa 45.

Hizi ni namba za kuanzia. Zitawasha gari na kulitembeza bila kuunguza pistoni, mradi uko karibu na usawa wa bahari.

Hatua ya 4: Mwinuko

Namba nyingi zilizochapishwa zilipangwa Ulaya, kwenye nchi ya chini. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, ambako uzito wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa Mombasa au Dar es Salaam. Kabureta haijui hilo. Petroli inayotoka haipungui kwa kiwango kilekile cha hewa, kwa hiyo mchanganyiko unazidi mafuta kwa karibu asilimia 8. Ili kurudisha, eneo la tundu la jeti lipungue asilimia 8, maana yake kipenyo kipungue asilimia 4. Jeti ya 130 ya Mombasa inakuwa 125 Nairobi.

SU nazo huathirika hivyohivyo. Tofauti ni kwamba unazungusha nati ya jeti. Pembe moja ya nati ni sehemu ya sita ya mzunguko. Mwinuko ukiwa mkubwa nati peke yake haitoshi kotekote, na hapo sindano nyembamba au nene zaidi ndiyo jibu.

Hatari iko upande wa kuteremka. Gari lililopimwa Nairobi likishuka Mombasa linakosa petroli, na injini yenye mchanganyiko mkavu ikibeba mzigo kwenye joto la pwani hugonga na kutoboa pistoni. Kwa hiyo unaponunua, agiza seti mbili za jeti kuu, nne za kila ukubwa. Kwenye DCOE jeti zote kuu na za sailensa ziko chini ya kifuniko cha mviringo kilichoshikwa na nati ya masikio juu ya kabureta, na mtu anayejua anazibadilisha kando ya barabara kwa bisibisi moja. Waliopanga kabureta hii walifikiria mbio, nasi tunafaidi kwenye barabara ya Mombasa.

Hatua ya 5: Kagua za mtumba

Ukiwa na kabureta mkononi, nenda kwa utaratibu huu. Ukiwa mbali, mwombe muuzaji picha na video za mambo haya haya. Asiyetaka kuzitoa ameshakujibu.

Namba. Aina kamili imegongwa kwenye mwili, juu, karibu na uso unaofungwa kwenye manifoldi. Zote mbili ziseme kitu kimoja mpaka mwisho, mathalani 40 DCOE 31 na 40 DCOE 31. Mbili zenye 40 mbele na namba tofauti nyuma si jozi. Tofauti hiyo mara nyingi iko kwenye matundu ya mpito. Fungua kiskrubu kidogo cha shaba juu ya kila koo, karibu na kipepeo, uhesabu matundu na uone yalipokaa. Yasipolingana, silinda mbili zitakuwa sawa na mbili zitakohoa, na hakuna jeti ya kuponya hilo.

Shafti. Shika ncha na kuisukuma juu na chini. DCOE ina beringi za mipira kwenye ncha, hivyo mchezo unaosikika maana yake ni beringi mbovu, jambo linalotengenezeka. Kwenye SU shafti husuguana na mwili wenyewe, na mchezo huingiza hewa isiyopimwa. Hapo kuna kazi ya kupanua na kutia bushi, basi punguza bei. Baadaye fungua na kuachia mara kumi. Inatakiwa irudi yenyewe bila kukwama.

Vipepeo. Funga shafti, elekeza kabureta kwenye taa, tazama ndani. Mstari wa mwanga kuzunguka kila kipepeo uwe mwembamba na sawa. Kimoja kikifunga kabisa na kingine kikibaki wazi, shafti imejipinda. Chanzo chake ni pedeli isiyo na kizuizi: mguu unaendelea kusukuma wakati vipepeo vimeshafika mwisho. Shafti mpya inapatikana, ila skrubu za vipepeo zimepondwa ncha zisifunguke, na lazima uweke mpya na kuziponda tena. Skrubu ya kipepeo ikidondoka, inaingia kwenye silinda.

Skrubu za mchanganyiko. Zitoe zote nne. Ncha iwe kali na laini. Yenye mkunjo wa duara imekazwa kupita kiasi. Mulika tundu lake uone kama ncha ya zamani imevunjikia humo, au kama mwili una ufa kuanzia hapo. Huu ndio uharibifu mbaya zaidi na muuzaji hatautaja.

Uso wa kufungia. Weka rula ya chuma na uchungulie. Nafasi inayozidi mm 0.1 inadai kusawazishwa kwenye mashine.

Chemba ya floti (boya linalopima kina cha petroli). Unga mweupe ni kutu ya alumini, unaotokana na maji au na petroli yenye ethanoli iliyoachwa miezi. Kwa zinazotoka Uingereza angalia sana, kwani tangu 2021 petroli ya kawaida kule ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Kutu kidogo husafishika; vishimo ndani ya njia za petroli havisafishiki. Tikisa floti ya shaba sikioni. Ikisikika kioevu, imetoboka.

Jeti. Wamiliki wa zamani hupenda kupanua jeti kwa kijidrili na kuacha namba ileile. Usitegemee jeti za mtumba; zihesabu kama hazipo unapojadili bei.

Kwa SU ongeza haya: toa mafuta ya dampa, inua pistoni kwa kidole na uiachie. Ishuke bila kusita na igonge daraja kwa mlio mkavu. Kifuniko na pistoni yake vilipimwa pamoja kiwandani, kwa hiyo usivichanganye vya kabureta moja na nyingine unapovisafisha. Herufi za sindano zimegongwa shingoni. Ziwe sawa pande zote mbili.

Hatua ya 6: Piga bajeti ya vyote

Bei ya kabureta ni sehemu tu ya gharama. Kwa jozi ya DCOE kwenye silinda nne utahitaji: manifoldi ya injini hiyo hasa, gasketi ya manifoldi, mikono na waya wa pedeli, tarumbeta 4, filta yenye bamba la nyuma, makoo 4, jeti kuu 4 (au 8 kama tulivyosema), jeti za hewa 4, tyubu 4, jeti za sailensa 4, jeti za pampu 4, kifurushi cha gasketi na vali ya sindano kwa kila kabureta, bamba zenye oringi za mpira za kuweka kati ya kabureta na manifoldi, nati 8 za M8 zenye plastiki ya kuzuia kulegea, wosha 8 za springi mbili, hozi ya petroli ya mm 8 na klipu, na regyuleta ya presha ya petroli.

Regyuleta si pambo. DCOE inataka psi 2.5 hadi 3, na pampu nyingi za injini husukuma zaidi ya hapo. Presha ikizidi, vali ya sindano haizibi, petroli inamwagika kupitia tarumbeta juu ya ekzosi ya moto. Vali ya 1.75 inatosha kwa injini hizi.

Kama breki zina sevo, manifoldi iwe na tundu la kuchukulia mvuto, na valvu ya kurudi upande mmoja iwepo. Kama distribyuta yako inategemea vakyumu, DCOE nyingi hazina bomba lake. Tenga pesa za distribyuta inayowahisha cheche kwa uzito wa vyuma pekee, bila vakyumu, au ya kwako ipangwe upya kwenye mashine.

Usinunue soksi za sponji za kuvisha tarumbeta kwa gari litakaloguswa na vumbi la murram. Nunua filta ya boksi, yenye nafasi mbele ya tarumbeta isiyopungua kipenyo cha mdomo wake. Bamba la nyuma na gasketi yake visizibe matundu madogo yaliyo kwenye uso wa kabureta kati na juu ya makoo. Hapo ndipo kabureta inapumulia. Gari likikataa kupangika baada ya kufungwa filta, hiki ndicho kitu cha kwanza kuangalia.

Hatua ya 7: Kuagiza

Ukinunua nje, utalipa usafiri na ushuru wa forodha. Ndiyo maana ni afadhali kuagiza kila kitu kwa mkupuo mmoja kuliko vifurushi vitano. Mwambie muuzaji amwage petroli, akaushe kabureta na kuacha vifuniko wazi usiku kucha, maana mzigo unaonuka petroli hukataliwa na wasafirishaji wa ndege. Mwambie pia afunge mikono ya pedeli kwa karatasi nene. Mkono ukigongwa njiani shafti ndiyo inayopinda. Muuzaji akisema zimekarabatiwa, muulize: beringi zimebadilishwa? vipepeo vimetolewa? Kama jibu ni kwamba zimeoshwa na kuwekwa gasketi, hiyo ni kuosha.

Hatua ya 8: Kufunga na kuwasha

Fungua, safisha kila njia kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa, badilisha gasketi. Pima floti: kifuniko kikiwa wima na ulimi wa floti ukigusa tu kipira cha vali bila kukibonyeza, floti ya shaba ikae mm 8.5 kutoka uso wa gasketi. Floti ya plastiki ya matoleo ya Hispania ina kipimo chake. Tumia karatasi iliyokuja nayo.

Wosha za springi zisikazwe hadi mwisho. Kaza mpaka nafasi kati ya mizunguko ya wosha ibaki karibu mm 0.8, ili kabureta icheze kidogo kwenye oringi. Ikikazwa kama mawe, mtetemo wa injini hutoa povu kwenye chemba, na gari hukosa nguvu mizunguko ikipanda, kama vile petroli imeisha.

Mtu akanyage pedeli hadi sakafuni huku wewe ukitazama vipepeo: viwe wazi kabisa, na kizuizi kiwe chini ya pedeli. Skrubu za mchanganyiko: funga taratibu hadi ziguse, kisha rudisha mzunguko 1 kwa za zamani zenye uzi mpana, au 2 hadi 2½ kwa 151 na 152 zenye uzi mwembamba. Skrubu ya sailensa iguse na kusukuma nusu mzunguko tu. Weka kizima moto karibu. Washa pampu kwanza bila kuwasha injini, uangalie kila kiungo kama kinavuja. Asubuhi injini ikiwa baridi, kanyaga mara 3 au 4 kisha piga stata.

Injini ikipata moto, linganisha mvuto wa kabureta mbili kwa kipimo cha kubalansi kwenye tarumbeta, ukitumia skrubu iliyo kati yao. Halafu chukua skrubu ya mchanganyiko moja moja: ifunge hadi silinda ikose, ifungue hadi mizunguko isipande tena, basi iache hapo. Ukihitaji kusukuma skrubu ya sailensa zaidi ya mzunguko mmoja ili injini isizime, usiendelee. Ama hewa inaingia mahali, ama jeti ya sailensa ni ndogo.

Dalili za barabarani husomeka hivi. Kutema mate na mlio kupitia tarumbeta unapokanyaga kidogo: petroli haitoshi kwenye mpito, panda jeti ya sailensa hatua moja. Plagi nyeusi na matumizi makubwa kwenye mwendo wa kawaida: jeti hiyohiyo ni kubwa, kwa sababu DCOE hutembea kwa jeti ya sailensa mpaka karibu mizunguko 3,000, na watu wengi hupoteza wiki wakibadilisha jeti kuu isiyohusika. Kusita pale unapokanyaga ghafla, kisha kuondoka: jeti ya pampu, jaribu 40 ukitoka 35. Kuishiwa juu kabisa: kwanza presha na filta ya petroli, kisha jeti kuu. Harufu ya petroli gari likisimama: floti, vali ya sindano, au regyuleta.

Baada ya kilomita 200 za kwanza rudi kwenye nati zile nane na upime tena ile nafasi ya mm 0.8, kwa kuwa oringi mpya hushuka kidogo zikishapata joto.